Ndimu za Kumshikisha Baba

Ndimu hizi zimekaa mezani tangu asubuhi na sijazigusa. Mjukuu wangu ameziacha ndani ya kikapu, akanisimamia mpaka nikaitikia kwamba nitazikamua na kuzinywa, kisha akaenda zake kazini hospitali. Harufu yake inanifuata hata nikigeuza uso. Nimejaribu kushona nikajichoma sindano. Nimejaribu kulala, usingizi haukuja. Nimesimama dirishani, nikarudi kitini, nikasimama tena, na miguu yenyewe siku hizi haitaki kunibeba. Wenzangu mliokula chumvi nyingi mnajua jinsi mwili unavyokataa kutulia wakati moyo una jambo lake. Basi afadhali nilisimulie jambo hilo, pengine litaniachia nikae.

Baba yangu alikuwa muuza ndimu. Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Kuze, si mbali na bandari, nyumba ya mawe yenye ghorofa moja. Sisi tulikaa juu, na chini palikuwa na duka lenye mlango wa kutazama njia. Aliuza pia vitunguu na nazi, na mikungu ya ndizi ikipatikana, lakini ndimu ndizo zilizomlisha. Alizinunua kwa makanda kutoka kwa wanawake wa Kigiriama waliovuka maji kutoka bara, akazimwaga juu ya jamvi, akazichagua moja moja kwa kuzibinya, na zilizo nzuri akawauzia watu wa meli. Mikono yake ilinuka ndimu, nguo zake zilinuka ndimu, na nyumba nzima, mpaka mito ya kulalia, ilinuka hivyo hivyo. Sikujua kwamba nyumba za wengine zina harufu nyingine mpaka nilipoanza kuingia humo.

Nilijiuliza watu wa meli wana shughuli gani na ndimu nyingi kiasi kile. Mama aliosha samaki kwa ndimu ili kuondoa shombo, na meli hukaa na samaki siku zote, basi nikaamua kwamba huoshea meli. Nilipomwambia baba alicheka mpaka akaketi juu ya kanda. Akaniambia hapana, hizo ndizo zinazowaweka mabaharia wima. Nami nikaelewa kwa akili yangu: meli huyumba, na baharia akishika ndimu mkono huu na mkono huu hapinduki. Siku nyingi nilipanda na kushuka ngazi zetu nikiwa na ndimu mikononi, na kweli sikuanguka.

Mimi sijapata kuwa mtu wa kukaa. Chuoni, tulikosoma Kurani, mwalimu aliniweka karibu na ukuta ili nisipate pa kujinyoosha. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliniita Kiguu-na-njia, na jina hilo likashika mtaani hata watu wakasahau lile nililopewa. Niliyapenda sana yale matoroli yaliyopita juu ya reli nyembamba za mjini, yakisukumwa na watu wawili, bwana fulani amekaa juu chini ya mwavuli. Nilishindana nayo mbio mpaka Ngomeni na kurudi. Mama alipaza sauti dirishani, shangazi alitishia kunifunga kamba, na wote hao sikuwasikia.

Baba peke yake ndiye aliyejua kunikamata. Nilipopita mbio mlangoni pa duka, alinyoosha mikono bila kuinuka kwenye jamvi lake, akanidaka vifundo vya miguu. Hunibana hivyo nikawa siendi mbele wala nyuma, nikacheka mpaka pumzi zikanipaa. Akiniachia, alama za vidole vyake hubaki miguuni, vinne upande huu na dole gumba upande ule, nyekundu, kisha hufifia polepole. Mimi nilikaa chini nikizitazama zinavyoondoka, na kuinusa miguu yangu iliyonuka ndimu. Hapo ndipo nilipotulia, na baba alijua.

Alikufa kwa homa ya siku chache. Sitaisimulia homa hiyo, kila mmoja wetu anayo ya kwao.

Baada ya mazishi mama akaingia eda, na shangazi akahamia kwetu kumwangalia. Eda ya mjane mnaijua: miezi minne na siku kumi hatoki nyumbani bila dharura, hajipambi, hatii wanja wala hina, na hajitii manukato ya aina yoyote. Shangazi alikuwa mtu wa kukamilisha jambo. Alifungia sanduku la mama la uturi, akatoa chetezo cha udi, akakata hata yale maasumini yaliyotambaa ukutani uani. Kisha akashuka dukani. Aliita wachukuzi, wakabeba makanda yote yaliyosalia, na yeye mwenyewe, pamoja na ule mwili wake mzito, alipiga magoti akasugua sakafu kwa maji na majivu mpaka kiganja kikamtoka ngozi. Alisema ndimu nayo ni harufu nzuri, tena kuliko uturi wa wengine, na mjane wa ndugu yake hatanuka vizuri katika eda, si kwa kujua wala kwa kutojua.

Na kama ndimu imekatazwa, chungwa litaachwaje? Danzi je? Embe, pera na nanasi, ambayo hunukia tangu mtu yuko kona ya mtaa? Kila tunda lililokuwa na harufu lilirudishwa mlangoni. Majirani walileta balungi, shangazi akawashukuru na kuwarudishia. Wapo waliotazamana, lakini nani angebishana na mwanamke aliyemzika ndugu yake juzi? Isitoshe wanawake wote walikubaliana kwamba ukali wa matunda hukata damu, na mtu mwenye majonzi damu yake haifai kuchezewa. Basi mama akalishwa wali mweupe, mikate, papa mkavu aliyechemshwa, na kahawa. Mboga za majani hazikukatazwa, lakini mama mwenyewe hakuzitaka. Kila akiletewa mchicha alisema unanuka udongo, akageuza uso.

Nyumba ikawa haina harufu kabisa. Sijui kama mnajua jambo hilo linavyosumbua. Niliamka asubuhi nikavuta pumzi na hapakuwa na kitu, nikashuka dukani nikavuta tena, hapakuwa na kitu. Nilizunguka chumba hiki na chumba hiki, nikinusa mito, nikinusa jamvi lililokunjwa, nikinusa pindo la koti lake lililoachwa msumarini mpaka nalo likafuliwa. Shangazi akaniambia nitulie, watu wamo katika msiba. Nilikuwa nikitaka kutulia. Sikujua vipi.

Mama hakuwa wa kunitazama. Mwanzoni alikuwa mchovu tu. Kisha akawa mkali kwa vitu vidogo, yeye aliyekuwa mpole, na akilia hunyamaza ghafla kama amesahau alichokililia. Akaanza kulalamika miguu, kwamba inamuuma ndani ya mfupa, na akawa hashuki kitandani isipokuwa kwa haja. Siku moja nilimwona akitema, na mate yake yalikuwa mekundu. Fizi zilikuwa zimemvimba hata ule wali mweupe aliutafuna kwa machozi.

Shangazi alinipa kazi ya kumkanda miguu kwa mafuta ya ufuta yasiyo na manukato. Alidhani kazi hiyo itanikalisha. Nilipandisha nguo ya mama mpaka magotini, na hapo nikaziona. Juu ya vifundo, na kwenye muundi, palikuwa na madoa ya zambarau iliyokolea, mviringo, yamepangana. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nne upande huu, na jingine kubwa zaidi upande ule. Sikuhitaji kuuliza mtu. Alama hizo nilizijua kuliko mtu yeyote pale mjini.

Baba alikuwa amekuja, na alikuwa amemshika mama miguu.

Nitasema kweli yangu: hofu haikuja kwanza. Uliokuja kwanza ni wivu. Nililala chumba kimoja na mama, mkeka wangu uko chini ya dirisha, na baba alikuwa akinipita kumwendea mama. Mimi ndiye niliyekuwa mwenye mchezo ule. Mama hakukimbia kamwe maishani mwake, alikuwa na haja gani ya kukamatwa? Kila asubuhi kabla sijafungua macho vizuri nilikuwa nimeshakunja miguu kuitazama, nayo ilikuwa mitupu, ina vumbi na mikwaruzo yake ya kawaida.

Kisha wanawake wakaanza kunong'ona ukumbini. Yakaletwa maneno mengi. Wengine walisema ni pepo amemfinya. Wengine walisema damu imelala kwa kukaa sana, ikajikusanya miguuni, nayo yafaa itolewe. Shangazi alimwita fundi wa kuumika, mwanamke mwembamba aliyekuja na pembe zake za ng'ombe ndani ya kitambaa. Alikuwa amewachanja watu nusu ya mji na wakapona, na alimchanja mama kwa mkono mwepesi, akabandika pembe, akanyonya, akaonyesha damu nyeusi iliyotoka. Kila mtu akapumua. Lakini vile vidonda vidogo havikufunga. Siku zikapita vikawa vingali wazi, na kandokando yake ngozi ikageuka zambarau. Yule fundi alirudi, akavitazama, akakunja kitambaa chake bila kutoa pembe hata moja.

Siku hiyo hiyo nilikuwa nimejibanza ngazini nilipomsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake kwamba huyu hamalizi eda. Nilimsikia pia shangazi jikoni. Alikuwa akipepeta mchele, akasita, akaweka ungo chini na kujifunika uso kwa leso, mabega yakamtikisika, kisha akauchukua ungo akaendelea. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya maziko. Ndipo nilipofahamu kwamba baba hakuja kucheza. Amekuja kumvuta mama aende naye, na tayari alikuwa amemfikia magotini.

Nikawa sina hali. Nilipanda ngazi nikashuka, nikatoka mpaka njiani nikarudi, sikuona toroli wala watoto wenzangu. Nikafikiri kwa nguvu zote alizonazo mtoto. Baba siku zote mikono yake ilikuwa na kazi. Alipokuwa na ndimu mkononi hakunishika. Alinishika wakati mikono iko mitupu. Na sasa huko alikokwenda hana ndimu, duka limefungwa, sakafu imesuguliwa, hata nyumbani hapana moja. Atafanya nini kama si kushika miguu ya mkewe? Basi apewe ndimu. Mikono ikimjaa, atamwachia.

Nilikimbia mpaka kivukoni, walikoteremka wale wanawake wa bara. Nilimtafuta Kadzo, mama mmoja mnene aliyevaa hando, ile sketi ya marinda ya kwao, ambaye baba alikuwa akimpa kahawa kila anaposhusha makanda. Siku hizo alikuwa akiwauzia watu wengine. Aliponiona alinishika kichwa, akaniuliza nimetumwa na nani. Nikamwambia nataka ndimu za baba.

Akaniinamia. “Baba yako si amekufa, mwanangu?”

“Amekufa, lakini yuko nyumbani. Amemshika mama miguu.”

Mtu wa kwetu angenipiga kofi, au angenipeleka kwa mwalimu. Kadzo hakushangaa. Kwao waliokufa hupewa haki yao, kikombe kikimwagwa chini na jina likitajwa, na kuja kwao nyumbani si habari ya kutoa watu macho. Aliinama juu ya kanda lake akachagua zile zilizoiva mpaka zimekuwa za manjano, akazifunga kwenye pindo la leso yangu. “Hizi zina maji mengi,” akasema. “Mwambie ni Kadzo aliyetoa. Na zikiisha, ndoo kwangu tena.”

Nilipanda ngazi kwa kunyata, jambo nisilolizoea. Shangazi alikuwa uani. Nilizipanga ndimu chini ya kitanda cha mama, upande wa miguuni, na moja niliipasua kwa meno ili harufu imfikie baba upesi. Kisha nikaketi sakafuni nikangoja, goti likinicheza.

Mama alikuwa amefumba macho. Niliona pua yake ikipanuka, na uso wake wote ukabadilika, ukawa ule wa zamani. Aliita jina la baba, si kwa sauti kubwa, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili. Halafu akafumbua macho akaniona mimi.

“Ni nini hicho, mwanangu?”

Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa mkupuo mmoja, alama za vidole, mabaharia, duka tupu, Kadzo, na kwamba sasa akishika ndimu hatoweza kushika miguu. Nilimwomba asimwambie shangazi. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akitazama ile ndimu iliyopasuka mkononi mwangu, na machozi yakimtoka pembeni yakiingia masikioni.

“Nipa hiyo,” akasema.

Aliiweka puani akaivuta pumzi kwa muda mrefu. Kisha akaitia mdomoni, akanyonya. Fizi zake zilikuwa kidonda kitupu. Alitetemeka mwili mzima kwa uchungu, nami nikataka kumnyang'anya, akanizuia kwa mkono. Alinyonya mpaka likabaki ganda. Sasa najua hakuwa akila kwa ajili ya afya, wala hakuna aliyemwambia kwamba kuna afya humo. Alikuwa na njaa ya mumewe, na kilichobaki cha mumewe duniani kilikuwa kile.

“Kesho mletee tena,” akaniambia.

Nilimletea kesho yake, na kesho kutwa, na siku zilizofuata. Shangazi akashangaa kwamba Kiguu-na-njia siku hizi anakimbilia njia moja tu. Maganda niliyatupa mbali kwenye vichochoro, na mikono niliisugua kwa mchanga. Kwa Kadzo nilipata ndimu, mara nyingine chungwa, siku moja pera lililobondeka, nalo mama alilila pamoja na mbegu. Na mimi kila nikikanda ile miguu nilitazama baba anavyoachia. Kwanza alama hazikuongezeka. Kisha zambarau ikapauka ikawa kijani, kijani ikawa manjano, rangi ile ile ya ndimu zenyewe. Vile vidonda vya chanjo vikaota ngozi mpya. Asubuhi moja niliamka nikamkuta mama amekaa kitandani, miguu imening'inia, anachezesha vidole.

Tulijisahau, ndivyo ilivyotokea. Mama aliacha ganda juu ya mto, na shangazi akaingia na bakuli la uji.

Alisimama mlangoni. Aliweka uji chini, akaja kitandani, akauchukua mkono wa mama na kuunusa. Akauchukua wangu akaunusa. Nilijificha nyuma ya mama, na nilihisi moyo wake unavyopiga mgongoni. Shangazi hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ya chini, iliyokuwa mbaya kuliko kelele, kama ndivyo anavyolipwa ndugu yake, kwamba hata eda yake haiwezi kukaa ikaisha, na mtoto anafundishwa kutoroka na kudanganya wakubwa. Alisema mengi. Alisema watu watasemaje, na yeye atajibu nini mbele ya Mungu, aliyekabidhiwa mjane akamlinda mpaka hapa.

Mama alimwachia amalize. Kisha akavuta nguo yake juu kidogo.

“Wifi, tazama miguu yangu,” akasema. “Mimi nalikuwa nafa, nawe walia jikoni, nalikusikia. Tazama sasa.”

Shangazi akatazama. Alipitisha kidole penye vile vidonda vilivyofunga.

“Weye hukuifukuza ndimu kwa ajili ya eda,” mama akasema, taratibu kabisa. “Umeifukuza kwa kuwa huwezi kuinusa. Nami nalikuwa siwezi kukaa bila kuinusa. Sote twamlilia mtu mmoja.”

Nilitegemea tutapigwa, mimi na mama pamoja. Shangazi aliketi. Alijiachia tu sakafuni palepale, na mwili ule wote, akalia kwa sauti yake halisi, nzito, iliyomtoka tumboni, na mama akateremka kitandani kwa miguu yake mwenyewe akamkumbatia. Mimi nilizunguka nje ya mikono yao nikitafuta pa kuingilia.

Alipojifuta uso alikuwa shangazi yule yule. Aliniamuru niende kwa mwalimu nikamuulize kama tunda ni manukato. “Na uende mbio,” akasema, “weye usiyejua kutembea.” Nilikwenda mbio. Mwalimu alikuwa akivaa viatu kwenda msikitini, akaniuliza ni nani mgonjwa, nikamweleza habari ya mama, ila mambo ya baba niliyaacha. Alisema kilichokatazwa ni kujipamba, na chakula si pambo. Mgonjwa apewe kinachomfaa, na aliyekosea kwa kuchunga sana asilaumiwe. Niliyakariri maneno hayo njia nzima nisije nikayaangusha. Shangazi aliyasikia akiwa amesimama, akaitikia kwa kichwa, akashuka chini. Jioni ile kulikuwa na mabalungi mawili jikoni, na hakuna aliyesema yametoka wapi.

Mama alimaliza eda. Siku aliyotoka alishuka ngazi bila kushikwa na mtu, akafungua mlango wa duka, na baadaye Kadzo akarudi na makanda yake. Nyumba ikanuka tena. Shangazi alikaa nasi mpaka akafa, na siku zote hizo hakukamulia ndimu samaki wake. Mama alimwekea kipande kila mlo. Yeye alikisukuma pembeni mwa sahani, akala chakula kikavu, na akimaliza, kabla ya kunawa, alikibinya kidogo kwa vidole viwili na kuvileta puani, akidhani hatumwoni.

Na mimi? Nilimuuliza mama siku ile ile ya kutoka eda, baba yuko wapi sasa. Akanambia, “Ameniachia.” Nilifurahi kwa ajili yake, wallahi nilifurahi. Kisha nikaenda kukaa chini ya ngazi nikakunja miguu na kuitazama. Nilikuwa nimempa ndimu, zimemjaa mikono, na sasa hata mimi hataweza kunishika. Jambo hilo sikuwa nimelifikiria. Asubuhi nyingi sana baada ya hapo niliamka na kutazama vifundo vyangu kwanza, na tabia hiyo sikuiacha hata nilipoolewa.

Mjukuu wangu amenieleza yote mwezi huu, kwa uvumilivu mwingi, akinichorea na kidole juu ya kitambaa cha meza. Damu hupita kwenye mishipa, mingine minene, mingine myembamba kuliko uzi. Kuta za mishipa hiyo zina kitu kinachozishikanisha, na mwili hauwezi kukitengeneza bila kupata kinachopatikana ndani ya matunda mabichi na mboga. Mtu akikosa hayo miezi kadhaa, kuta hulegea, damu ikavuja chini ya ngozi, fizi zikatoka damu, vidonda vikakataa kufunga. Mabaharia waliujua ugonjwa huo zamani, ndiyo maana walinunua ndimu. Basi baba alisema kweli, zinawaweka wima. Na mama alikuwa akifa kwa kukosa ndimu katika nyumba ya muuza ndimu. Nimeyasikia, nimeyafahamu, na sina la kubisha.

Amenieleza kwa sababu ya miguu yangu. Tangu meno yaniishie nimekuwa nikila mkate uliochovywa katika chai, asubuhi, mchana na jioni, kwa kuwa sina subira ya kumenya na kuponda. Wiki iliyopita aliniosha miguu akaona madoa ya zambarau, akaniuliza nimejigonga wapi, kisha akanifunua mdomo akaangalia fizi, akaanza kugomba. Leo ameleta ndimu. Anasema nikizinywa madoa yataondoka upesi, na nguvu za kutembea zitarudi.

Nitazinywa. Sijachoka na dunia, na nina njia nyingi sijazipita. Lakini tangu asubuhi nimeinua nguo mara kwa mara nikitazama. Alama za vidole ziko juu ya vifundo, vinne upande huu na dole gumba upande ule, miguu yote miwili. Nimekaa kitini sasa, na goti limeacha kucheza. Kikapu nimekisogeza mbali kidogo.

Ndimu nitakamua kesho.